Kusafisha udongo wenye sumu ya betri mtaani: wakazi waingie wapi, wasiguse nini?

Mratibu_wa_Mtaa aliandika:

Wakuu, habari za kazi. Mkandarasi anataka saini wiki ijayo, nami nahitaji ushauri wa wanaoijua kazi hii.

Mtaa uko Pwani ya Kenya, kaya 340 kwenye viwanja 210, wengi wapangaji. Tumepakana na kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri chakavu za magari. Kimefungwa, majengo yamebaki. Sampuli 46 za udongo zimepimwa: ya chini ina risasi, yaani ile madini ya sumu ya kwenye betri, miligramu 180 kwa kilo, ya juu 11,000, nayo ilichotwa kando ya mtaro uliotoa maji ya kiwandani. Mpango wa mkandarasi ni mkutano mmoja kwa chifu, karatasi ya mahudhurio, kisha kuchimba sentimita 30 kila kiwanja kwa wiki kumi. Sehemu ya "ushirikishwaji wa jamii" ina kurasa mbili, na moja ni picha.

Wazee wa mtaa nao wana lao: iwe harambee, kila nyumba itoe mtu na jembe, vijana wazoe, kina mama wafagie. Naona mipango yote miwili ina kasoro ila sina hoja za kuisimamia. Nisaidieni.

MpimaUdongo:

Anza kwa kuizima hiyo harambee, mapema na kwa heshima. Siku ya usafi inafaa kwa mitaro iliyoziba na karatasi za plastiki. Hapa sumu yenyewe ndiyo vumbi. Fagio la chelewa kwenye uwanja mkavu huinua chembe ndogo kabisa, ambazo ndizo zenye risasi nyingi kwa uzito wake na ndizo zinazonata mikononi mwa mtoto. Ukiwapa watu mia mbili majembe asubuhi ya kaskazi, jioni kila sahani ya mtaa itakuwa na sumu, hata kwa nyumba zilizokuwa salama.

Sasa mkandarasi. Sentimita 30 kila mahali inaonekana ya haki, lakini inakosea pande zote mbili. Risasi iliyotua kutoka kwenye moshi hushikana na udongo na kubaki sentimita chache za juu, kwa hiyo viwanja vingi havihitaji kina hicho. Kando ya mtaro, na pale palipojazwa mavi ya tanuri (masalia magumu yanayobaki baada ya kuyeyusha), sumu inaweza kuzidi nusu mita. Utalipia malori ya udongo safi hapa na kuacha sumu kule.

Hapo ndipo wakazi wanapoingia, kabla ya jembe la kwanza. Chora ramani kubwa ya mtaa, uitandike chini, uite makundi madogo: kina mama peke yao, vijana wa vyuma chakavu peke yao, waliofanya kazi kiwandani peke yao. Waulize moshi ulielekea wapi wakati wa kusi na wapi wakati wa kaskazi, maji ya mtaro yalifurika hadi nyumba ya nani, betri zilipasuliwa wapi, nani alibeba mavi ya tanuri kujazia njia au sakafu, makasha ya betri yalitumika kuzibia nini. Mtu wa kupima akiweka alama kila mita 20 kwa kamba anaweza kupita kando ya lundo lililofukiwa chini ya choo, na fundi aliyechimba choo kile akawa yupo pale pale ila hajaulizwa.

Halafu pima kila kiwanja, si sampuli 46 kwa mtaa mzima. Kila kiwanja chota sehemu tano za juu, sentimita 0 hadi 2.5, uzichanganye, na upime peke yake mchirizi wa paa, jikoni na mahali watoto wanapocheza. Kipimo cha eksirei cha mkononi, kinachosoma risasi ya udongo papo hapo, kinatosha kwa kazi hii, na moja ya kila sampuli kumi iende maabara kuhakikisha. Angalizo la msimu: udongo ukiwa na maji zaidi ya asilimia 20 hivi, kipimo hicho hutoa namba ya chini kuliko ukweli. Wakati wa masika anika, chekecha, ndipo upime. Kuna mitaa hutangaziwa kuwa safi kumbe ilikuwa imelowa tu.

Kiwango cha mwisho cha risasi kinachokubaliwa kubaki kwenye udongo kijadiliwe mapema pia. Marekani ilitumia miligramu 400 kwa kilo kwa makazi miaka mingi, na Januari 2024 ikashusha mwongozo wake hadi 200. Mlete mkandarasi mbele ya kamati aonyeshe kwenye ramani: kwa 400 vinachimbwa viwanja vingapi, kwa 200 vingapi. Namba ikichaguliwa ofisini baada ya kuangalia bajeti, watu watajua, na hamtaaminiwa tena.

Jambo dogo la lugha. Ukisema "risasi" kwenye kipaza sauti nusu ya uwanja watawaza bunduki, hasa wakimwona mtu ameshika kile kipimo chenye umbo la bastola. Sema "sumu ya betri" kwanza, kisha ueleze kuwa ndiyo risasi.

Siha_Pwani:

Naongeza upande wa afya, kwa sababu udongo na damu vikipangwa na watu wasiozungumza, kazi inaharibika.

Mfano ulio wazi ni Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, 2010. Mawe ya dhahabu yenye risasi yalisagwa majumbani na mamia ya watoto wakafa. Madaktari Wasio na Mipaka walishikilia kwamba mtoto hatibiwi kabla nyumba yake haijasafishwa, kwa sababu ukimtoa sumu na kumrudisha kwenye vumbi lile lile, anaanza upya. Kijiji cha Bagega kilisubiri hadi 2013 kusafishwa. Kwa hiyo foleni ya viwanja ifuate damu za watoto pamoja na namba za udongo. Kamati ielezwe hivyo waziwazi, la sivyo kila mwenye sauti atataka kiwanja chake kitangulie.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unasema hivi: risasi ikifika mikrogramu 5 kwa desilita ya damu, tafuta chanzo na ukiondoe; ikifika 45 na zaidi kwa mtoto, dawa ya kuondoa sumu inatakiwa. Kati ya hapo, tiba kuu ni kumtenga na chanzo, kuangalia lishe na kupima tena. Madini ya chuma na kalsiamu yakipungua mwilini, risasi huingia kwa urahisi zaidi, ndiyo maana dagaa na mboga za majani zina maana hapa. Maziwa ni chakula kizuri kwa kalsiamu yake, lakini hayasafishi damu. Waambieni wazi, maana imani kwamba glasi ya maziwa jioni huosha sumu ya kazini imewapa waajiri wengi njia ya kukwepa kununua barakoa.

Kosa la kawaida la upimaji ni damu ya kidole. Mkono wenye vumbi hutia risasi kwenye tone, namba inaruka, mama anazimia kwa hofu. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, ikaushwe kwa karatasi safi, mtoto asiguse kitu tena, na namba yoyote ya juu irudiwe kwa damu ya mshipa. Uliza pia kuhusu wanja. Baadhi ya wanja na surma zinazopakwa watoto machoni zina risasi nyingi, na nyumba iliyosafishwa vizuri inaweza kuendelea kuwa na mtoto mwenye damu mbaya kwa sababu ya kichupa kilicho kabatini.

Majibu ya damu hayasomwi mkutanoni wala hayabandikwi ukutani. Ya udongo wa njia na mitaro yabandikwe. Ya kiwanja yapelekwe mlangoni kwa karatasi, na mhudumu wa afya ya jamii awepo kueleza maana yake na la kufanya usiku ule ule: kudeki kwa maji badala ya kufagia, viatu nje, kunawa kabla ya kula, mkeka juu ya udongo wanapocheza watoto. Namba tupu bila la kufanya ni kumtia mtu usiku wa mawazo bure.

TakaSugu:

Nikupigie hesabu ya kumpelekea mkandarasi. Tuchukulie kila kiwanja kina eneo wazi la mita za mraba 40. Kwa kina cha sentimita 30 ni mita za ujazo 12. Udongo ukichimbwa huvimba kama robo, kwa hiyo 15. Toroli moja hubeba lita 60 hivi za udongo uliolowa, maana yake safari 250 za toroli kwa kiwanja kimoja, kwenye vichochoro ambavyo nadhani havipitishi hata tuktuk. Kwa viwanja 210 ni mita za ujazo 3,150, yaani malori 315 ya mita za ujazo kumi kutoka, na karibu idadi hiyo hiyo kuingia na udongo safi. Hiyo ni misafara zaidi ya 600 mbele ya shule na msikiti, na kwenye kurasa zake mbili haimo.

Basi njia ya malori, saa za kupita, mahali pa kuoshea matairi na mahali pa kurundika kwa muda viamuliwe na wanaoishi kwenye njia hiyo. Lori lifunikwe turubai, udongo uwe umelowa lakini usichuruzike. Anza upande wa juu wa mteremko na upande unakotoka upepo. Ukianza chini kwa sababu barabara iko chini, mvua ya kwanza itashusha sumu kwenye kazi uliyokwisha kulipa. Mwezi wa masika usichimbe kabisa.

Swali zito ni udongo unakwenda wapi. Ama unajengewa shimo la kuhifadhia ndani ya uwanja wa kiwanda, lenye tabaka la kuzuia maji chini na kifuniko juu, ama unasafirishwa. Ukisafirishwa, kijiji kinachoupokea nacho ni jamii iliyoathirika, kiitwe mezani. Kabla ya kuamua, pimeni ni kiasi gani cha risasi kinachuja maji yakipita. Kwa kipimo cha Marekani, maji yakitoka na zaidi ya miligramu 5 kwa lita, udongo huo ni taka hatari na haufai jalala la kawaida. Kuuchanganya na saruji au fosfati hupunguza kuchuja, ila hakuondoi risasi. Atakayewaambia "tumeiua sumu" muulizeni ameipeleka wapi.

Chini ya udongo safi tandikeni kitambaa cha ujenzi chenye rangi kali, cha chungwa ni kizuri. Kazi yake ni kumwambia atakayechimba choo miaka kumi ijayo asimame. Na huo udongo safi mpime machimboni kabla haujapakiwa. Imetokea mara nyingi "udongo safi" ukaletwa kutoka kando ya barabara kuu au karibu na gereji.

Fundi_Salama:

Mkuu MpimaUdongo kasema kweli kuhusu harambee, lakini watu wasije wakaelewa kwamba wakazi wakae pembeni waangalie wageni wakilipwa. Kuleta vibarua wote kutoka nje ni njia fupi ya kupata mawe kwenye madirisha ya lori. Wakazi waajiriwe kwa mkataba na mshahara, wakiwa na kinga kamili, na orodha ya kazi na malipo ibandikwe hadharani.

Kinga kamili ni hii: damu kupimwa kabla ya kuanza na kila mwezi, na ambaye risasi yake ya damu inapanda anahamishiwa kazi isiyo na vumbi kwa mshahara ule ule. Usipoandika "mshahara ule ule" watu watakwepa kipimo. Barakoa iwe ya chembe ndogo, ya daraja la FFP3 au zaidi. Kitambaa na ile ya hospitali hazifai. Ndevu huvunja mzibo, na hapa Pwani hilo ni jambo la imani pia, kwa hiyo anayefuga apewe kazi ya kumwagia maji, kuhesabu malori au kupima, asilazimishwe kunyoa. Ovaroli na buti vinabaki kazini na kufuliwa hapo. Bafu kabla ya kwenda nyumbani, chumba cha kula mbali na cha kubadilishia nguo, hakuna sigara wala miraa kwenye eneo la kazi kwa sababu mkono huenda mdomoni. Walio chini ya miaka 18, wajawazito na wanaonyonyesha wasishike udongo. Kwa joto la huku, anayevaa kinga zote hawezi kuchimba kwa muda wa saa nane mfululizo. Panga zamu za dakika 45 na kivuli, la sivyo saa tano asubuhi barakoa zote zitakuwa shingoni.

Vijana wa vyuma chakavu wasisahaulike. Thiaroye-sur-Mer, Dakar, watoto 18 walikufa kati ya mwisho wa 2007 na mapema 2008. Bei ya risasi ilikuwa imepanda, watu wakawa wanachekecha udongo wa mtaani na kuhifadhi mifuko yake majumbani ili wauze. Udongo mnaouita taka una mteja. Lundo lisilolindwa usiku litapungua. Waajirini hao vijana, na mzungumze na wanunuzi wao.

MpimaUdongo:

Fundi, hapo sina ubishi. Kinga zikiwa hivyo, wakazi wachimbe.

Sheria_na_Mtaa:

Kwa ufupi, karatasi ya mahudhurio haitoshi. Katiba ya Kenya, kifungu cha 42, inatoa haki ya mazingira safi, cha 69 kinaitaka serikali ihimize ushiriki wa umma, cha 70 kinafungua mlango wa mahakama, na cha 35 kinawapa haki ya kuomba taarifa za vipimo. Mradi ukipitia leseni ya tathmini ya athari, kanuni ya 17 ya Kanuni za 2003 inataka mabango, tangazo gazetini wiki mbili mfululizo, tangazo redioni na angalau mikutano mitatu na walioathirika. Mkutano mmoja kwa chifu haufiki hapo.

Someni pia kesi ya Owino Uhuru, hapo Mombasa. Kiwanda cha betri kilianza 2007, kikafungwa 2014, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamua Julai 2020: fidia ya shilingi bilioni 1.3 kwa wakazi, na udongo usafishwe ndani ya miezi minne, la sivyo zilipwe milioni 700 za kuusafisha. Rufaa ikaivuruga 2023, Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Mkiwatazama wakazi wale wakihesabu miaka, mtaelewa kwa nini fidia na usafishaji visichanganywe kwenye mkutano mmoja. Neno "fidia" likitajwa, ajenda nyingine zote hufa, na vibanda vipya huota usiku. Wekeni tarehe ya mwisho ya kuhesabu kaya, kila mlango upewe namba na picha siku hiyo hiyo, kabla tangazo lolote la pesa.

Kubwa kwenu ni upangaji. Mwenye nyumba ndiye anayetia saini ya kuruhusu kuchimba, lakini mpangaji ndiye anayepumua. Kiwanja kikisafishwa thamani hupanda, na mpangaji aliyevumilia moshi miaka yote hufukuzwa kwa kodi mpya. Fomu ya ruhusa iwe na saini mbili, na kipengele cha kutopandisha kodi kwa muda mtakaokubaliana. Bila hicho wapangaji wana sababu nzuri ya kukataa mradi, nao ndio wengi.

Kamati isiteuliwe na chifu wala mwakilishi wa wadi. Kila nyumba kumi zichague mtu wao, na viti vya kina mama wenye watoto chini ya miaka sita viwe vimetengwa. Posho iwe moja, ijulikane. Na muwape mamlaka moja ya kweli: vumbi likionekana kuvuka uzio, mjumbe yeyote anasimamisha kazi kwa simu moja hadi maji yamwagwe. Mkandarasi atalalamika. Iingizwe kwenye mkataba wake kabla ya saini ya wiki ijayo, kwa sababu baada ya hapo itakuwa ombi tu.

Mratibu_wa_Mtaa:

Shukrani nyingi wakuu. Saini imesogezwa. Swali la mwisho: siku ya kiwanja chenyewe, kaya inatolewa vipi? Mama mmoja kwenye kikundi cha mtaa kauliza nani atampikia uji wa kuuza siku hiyo, sikuwa na jibu.

Fundi_Salama:

Huyo mama kauliza swali ambalo mkandarasi hakuuliza. Siku saba kabla, mjumbe wa nyumba kumi apite na tarehe. Siku mbili kabla, waandike pamoja kilichomo nyumbani, wakubaliane nini kinaoshwa na nini kinatupwa na kulipwa. Magodoro ya sifongo na mazulia ni vigumu kuyasafisha. Biashara za nyumbani ziandikwe pamoja na kipato cha siku na zilipwe taslimu asubuhi ile ile, la sivyo watu watarudi kuchota maji na kuwasha jiko katikati ya vumbi. Kuwe na mahali pa kukaa penye choo, kivuli na jiko, si mbali na shule. Mgonjwa au mzazi mpya apangiwe siku yake.

Ndani ya nyumba anzeni juu: kenchi na juu ya kabati kwanza, kuta, mwisho sakafu. Ndoo mbili, moja ya sabuni, moja ya kusuuzia, maji yabadilishwe kila chumba. Maji machafu yasimwagwe uani. Yaingie pipa, yatuame, tope liende na udongo mchafu. Mifereji ya paa na tangi la mvua visafishwe siku hiyo hiyo, hivi vinasahaulika kila mara. Sakafu ya udongo iloweshwe, ikwanguliwe, imiminwe zege. Nje ikiisha, mpimaji apime mbele ya mwenyeji, wasome namba pamoja, na wote wawili watie saini kabla kitambaa cha chungwa hakijafunikwa. Kikishafunikwa, ubishi hauna ushahidi.

Na huyo mama wa uji, muulizeni kama angependa zabuni ya kuwapikia vibarua, jiko likiwa nje ya uzio.